Stakabadhi, Makadirio na Daftari: Historia ya Kodi ya Mfanyabiashara Mdogo katika Njia ya Nanyala hadi Tunduma, 1897–2024

Utangulizi

Kata ya Nanyala imo katika Wilaya ya Mbozi, kandokando ya barabara kuu itokayo Mbeya kuelekea mpaka wa Zambia. Msafiri hupita Senjele, kisha Mlowo na Vwawa, kabla ya kufika Tunduma. Njia nzima ina meza za ndizi na nyanya, vibanda vya chipsi, mafundi wa pikipiki, wanunuzi wa mahindi na maharage, na akina mama wenye beseni za dagaa. Watu hawa ndio ambao sheria za kodi za Tanzania huwaita wafanyabiashara wadogo, na ndio ambao semina za elimu kwa mlipakodi huwahimiza kila mwaka watunze kumbukumbu za biashara zao. Mara nyingi himizo hilo hutolewa kana kwamba kutotunza kumbukumbu ni uzembe au ujinga tu. Insha hii inapingana na dhana hiyo. Hoja yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja dola iliyotoza kodi katika ukanda huu haikumdai mwananchi hesabu, ilimdai stakabadhi. Na pale ilipoanza kumdai hesabu, ilikuwa imekwisha kumfundisha, kwa vitendo, kwamba kuandika kuna hatari.

Neno stakabadhi linatumika hapa kwa maana ya karatasi itolewayo na mtoza kodi kuthibitisha kwamba kodi imelipwa. Neno daftari linatumika kwa maana ya kumbukumbu aandikayo mwenye biashara mwenyewe. Kati ya hayo mawili kuna neno la tatu, makadirio, nalo ndilo lililozaa ugomvi mwingi kuliko yote.

Nyumba, kichwa na karatasi

Serikali ya Kijerumani ilitangaza kodi ya nyumba kwa amri ya mwaka 1897, na utozaji ukaanza mwaka 1898. Kiwango cha kawaida kwa nyumba za mashambani kilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Mwanzoni wengi waliruhusiwa kulipa kwa mazao au kwa kazi, lakini lengo lilikuwa fedha taslimu, na lilielezwa bila kificho: kumfanya Mwafrika atafute kazi ya ujira au auze mazao sokoni. Kitu kilichohesabiwa kilikuwa paa. Mtoza kodi hakuwa na haja ya kujua mwenye nyumba aliuza nini wala alipata kiasi gani. Ilimtosha kuona nyumba imesimama.

Kwa watu wa Unyiha na Unyamwanga kodi hiyo ilikuja pamoja na mpaka. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uligawa nchi kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na mwaka 1898 mstari ukapimwa ardhini. Wanyamwanga wakajikuta pande mbili. Upande wa pili, Kampuni ya Afrika Kusini ya Kiingereza ilianza kutoza kodi ya nyumba katika Rhodesia ya Kaskazini-Mashariki mwaka 1901, kwa kiwango cha shilingi 3. Hivyo familia moja iliweza kuwa na ndugu wanaodaiwa rupia na ndugu wanaodaiwa shilingi, na biashara ya mpakani, ambayo kabla ya hapo ilikuwa ni kutembeleana tu na kubadilishana mtama, chumvi na majembe, ikaanza kupimwa kwa sarafu mbili. Hali hiyo haijakoma hadi leo, ingawa sarafu zimebadilika majina.

Waingereza walipochukua Tanganyika walitunga Sheria ya Kodi ya Nyumba na Kichwa ya mwaka 1922. Mwanamume mzima asiye na nyumba naye akaingizwa. Vijana wa Mbozi walikwenda kutafuta fedha ya kodi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, katika mashamba ya walowezi wa kahawa, na ng'ambo ya mpaka katika migodi ya shaba. Aliyeshindwa kulipa aliweza kufanyishwa kazi badala ya kodi. Katika mazingira hayo stakabadhi haikuwa ushahidi wa malipo tu. Ilikuwa kama hati ya kusafiria. Mtu aliitunza chini ya sanduku, katika kopo au ndani ya mianzi ya paa, kwa kuwa asiyeweza kuionyesha njiani alihesabiwa kuwa mkwepaji. Kutunza karatasi, kwa hiyo, si utamaduni mgeni kwa watu hawa. Walichotunza kilikuwa karatasi ya serikali, na haikueleza chochote kuhusu mali zao.

Hesabu za Wahindi, ukimya kwa Waafrika

Serikali hiyohiyo ya kikoloni ilifahamu vizuri maana ya vitabu vya hesabu. Mwaka 1923 ilileta sheria za leseni za biashara na kodi ya faida, zikidai wafanyabiashara waandike hesabu kwa lugha ambayo maofisa wangeweza kuikagua, yaani Kiingereza au Kiswahili, badala ya Kigujarati. Wafanyabiashara wa Kihindi walifunga maduka kwa majuma kadhaa, na uchumi wa miji ukasimama. Kodi ile ya faida haikudumu. Mgomo huo umeandikwa sana kama sehemu ya historia ya siasa za Wahindi katika Afrika Mashariki, na ni haki. Lakini kuna jambo ndani yake ambalo mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kulipita bila kusimama: katika mwaka huo Kiswahili kilitajwa na sheria kuwa lugha halali ya kuandikia leja. Kilitajwa, hata hivyo, kwa ajili ya kumkagua Mhindi. Hakuna aliyefikiri kwamba Mwafrika mwenye duka la nyasi angekuwa na leja ya kukaguliwa.

Sheria nyingine za miaka ya 1920 na 1930 zilizuia mikopo kwa wenyeji isipokuwa kwa kibali maalumu. Lengo lililotajwa lilikuwa kuwalinda na madeni. Matokeo yake yalikuwa kwamba deni la Mwafrika kwa mwenye duka mara nyingi halikuweza kudaiwa mahakamani, na hivyo halikuwa na sababu ya kuandikwa kwa namna ambayo mahakama ingeitambua. Biashara ikaendeshwa kwa kuaminiana na kwa neno la mdomo. Wafanyabiashara wa Kitanzania wana jina la mpango huo mpaka sasa: mali kauli. Bidhaa hutolewa leo, bei hukubaliwa, na malipo hufuata baada ya mauzo. Hakuna karatasi, kuna kauli.

Kodi ya mapato iliyoanzishwa Tanganyika mwaka 1940 iliwahusu watu wachache wenye kipato kikubwa na makampuni. Mwananchi wa kawaida alibaki katika kodi ya kichwa ya kiwango kimoja. Palipojaribiwa kwenda mbali zaidi ya hapo, jibu lilikuwa kali, na mfano ulio bora hautoki Mbozi bali Upare. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia mamlaka za wenyeji za Upare zilianzisha kodi ya nyongeza iliyopangwa kulingana na mali ya kila mtu, iliyojulikana kwa jina la mbiru. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walikusanyika Same kuipinga. Isaria Kimambo, aliyeuandikia mgogoro huo, ameonyesha kwamba Wapare hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa tayari kulipa kiwango sawa kwa wote. Walichokataa ni kukadiriwa: mtu kuja nyumbani, kutazama ng'ombe, kahawa na migomba, kisha kutamka kiasi ambacho mwenye nyumba hana njia ya kukibisha. Kodi hiyo iliondolewa vita ilipokwisha. Ninauleta mfano huu kwa sababu malalamiko ya wafanyabiashara wa Tanzania katika karne ya ishirini na moja, yakisomwa kwa makini, yana umbo lilelile.

Barabara, duka la kijiji na hofu ya maandishi

Baada ya uhuru mambo mawili yaliibadili Nanyala. La kwanza ni njia. Tangazo la uhuru wa upande mmoja la walowezi wa Rhodesia, tarehe 11 Novemba 1965, liliifanya Zambia itafute njia ya kwenda Dar es Salaam. Malori ya mafuta yalipita katika barabara ya vumbi, kisha lami ikajengwa, kisha reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Kijiji kilichokuwa pembezoni kikawa kando ya mkondo wa fedha. La pili ni siasa ya ujamaa. Kodi ya kichwa ya serikali za mitaa ilifutwa mwaka 1969, na kodi ya mauzo, ambayo hutozwa bila mlaji kuiona, ikachukua nafasi kubwa. Serikali za mitaa zenyewe zilivunjwa mwaka 1972. Kwa zaidi ya miaka kumi mwananchi wa Mbozi hakuwa na mtoza kodi mlangoni.

Huu ungekuwa wakati mwafaka wa kujenga utamaduni wa daftari la biashara binafsi. Kilichotokea ni kinyume. Mwaka 1976 maduka binafsi ya vijijini yaliandamwa ili duka la kijiji lichukue nafasi yake. Duka la kijiji lilikuwa na vitabu, mhasibu na ukaguzi, na wako wazee wengi waliojifunza kuandika mapato na matumizi kwa njia hiyo. Lakini vilikuwa vitabu vya umma. Aliyefanya biashara yake mwenyewe, hasa aliyevusha sukari, sabuni au vitenge kutoka Nakonde wakati wa uhaba baada ya vita ya Kagera, aliitwa mlanguzi. Katika kampeni ya mwaka 1983 iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, na chini ya sheria ya uhujumu uchumi ya mwaka huohuo, daftari la mauzo lingekuwa kielelezo cha upande wa mashtaka. Mwenye akili hakuandika. Mwaka uliofuata masharti ya uagizaji yalilegezwa, na bidhaa zilezile zilizomfikisha mtu mahabusu zikaanza kuuzwa hadharani. Sheria ilibadilika kwa bajeti moja. Tabia iliyozaliwa na hofu haikuweza kubadilika kwa kasi hiyo.

Wakati huohuo stakabadhi ilirudi. Serikali za mitaa zilirejeshwa kwa sheria za mwaka 1982, nazo zikaja na kodi ya maendeleo, ambayo watu waliendelea kuiita kodi ya kichwa. Mgambo walisimama njiani na minadani kuomba risiti. Wachuuzi walihitaji leseni ya nguvukazi. Mazao yalitozwa ushuru kwenye mageti. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na mwaka uliofuata biashara zenye mauzo chini ya shilingi milioni 20 zikaondolewa ada ya leseni. Kwa vijana waliozaliwa baada ya hapo, kukimbizwa na mgambo kwa ajili ya kodi ya kichwa ni hadithi ya baba zao. Lakini baba zao ndio waliowafundisha biashara.

Makadirio

Mamlaka ya Mapato Tanzania iliundwa kwa Sheria Na. 11 ya mwaka 1995 na ikaanza kazi tarehe 1 Julai 1996. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilifuata mwaka 1998. Kwa mfanyabiashara mdogo, hata hivyo, hatua yenye uzito ni Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, iliyoweka katika majedwali yake mfumo wa makadirio kwa watu binafsi ambao mauzo yao hayakuzidi shilingi milioni 20 kwa mwaka. Kila daraja la mauzo lilikuwa na safu mbili: asiye na kumbukumbu kamili, na mwenye kumbukumbu kamili. Aliyeuza shilingi milioni 5 alilipa 95,000 ikiwa hana kumbukumbu, na 59,000 ikiwa anazo. Kwa mara ya kwanza katika historia ya ukanda huu, sheria iliweka bei ya daftari.

Bei hiyo bado ipo. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, iliyopanua mfumo hadi mauzo ya shilingi milioni 100, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 hatozwi. Anayezidi hapo hadi milioni 7 hulipa 100,000 bila kumbukumbu, au asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4 akiwa nazo. Anayezidi milioni 7 hadi milioni 11 hulipa 250,000 bila kumbukumbu, au 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Ukikokotoa, utaona kwamba katika madaraja haya hakuna mahali ambapo asiye na kumbukumbu hupata nafuu. Kwa mauzo ya milioni 6 tofauti ni shilingi 40,000. Kwa milioni 10 ni 70,000. Kwa muuza mboga wa Senjele hiyo ni ada ya shule, sare na madaftari ya mtoto.

Lakini jedwali haliwezi kusema mauzo yalikuwa kiasi gani. Kwa asiye na daftari, daraja huamuliwa katika mazungumzo kati yake na ofisa, kwa kutazama ukubwa wa kibanda, shehena iliyopo siku hiyo na mahali kilipo. Siku ya ukaguzi ikiangukia baada ya mnada, duka limejaa. Ikiangukia mwezi wa Februari, wakati mazao hayajavunwa, rafu zinaonekana tupu. Hapa ndipo Upare ya mwaka 1945 inaporudi. Mtu hutamkiwa kiasi asichoweza kukibisha, si kwa sababu hana hoja, bali kwa sababu hana maandishi.

Kuna kasoro nyingine ambayo haiponywi hata na daftari. Mfumo wa makadirio hutoza mauzo, hautozi faida. Tuchukue mfano wa kufikirika wa watu wawili wenye mauzo ya milioni 10 kila mmoja, wote wakiwa na kumbukumbu kamili. Mmoja ananunua mahindi kwa wakulima na kuyauza Tunduma, na katika kila shilingi 100 za mauzo hubakiwa na 6 baada ya kununua, kusafirisha na kulipa ushuru. Mwingine ni kinyozi, ambaye hubakiwa na 60. Wote watalipa 180,000. Kwa kinyozi hiyo ni asilimia 3 ya faida yake. Kwa muuza mahindi ni asilimia 30. Mfumo uliobuniwa kwa ajili ya urahisi humwelemea zaidi yule ambaye uchumi wa Mbozi unamtegemea kuunganisha shamba na mpaka. Nafuu iliyotolewa mwaka 2017, ya kupunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na kutowatoza wanaosafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, ilimgusa zaidi kuliko semina yoyote. Mwenye magunia manane ya kilo 100 alipita getini bila kusimamishwa.

Mashine za kielektroniki za kutolea risiti zilianza mwaka 2010 kwa waliosajiliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani, na mwaka 2013 zikapelekwa kwa wenye mauzo yanayofikia milioni 14. Bei ya mashine ilizidi shilingi 500,000, na mwanzoni mwa mwaka 2014 maduka yalifungwa katika miji kadhaa, Mbeya ikiwamo. Yalifungwa tena Kariakoo mwezi Mei 2023, na mwezi Juni 2024 mgomo ulioanzia hapo ukaenea katika miji mingine. Katikati ya matukio hayo, Desemba 2018, Rais John Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, 25,000 kwa kila mkoa, kwa wenye mauzo chini ya milioni 4. Kila kimoja kililipiwa shilingi 20,000. Wachuuzi wengi walivipokea kwa shangwe, na wasomi wengi wakavidharau kwa kuwa havikuwa na msingi wa hesabu. Shangwe ile inaeleweka kwa urahisi na yeyote aliyefuatilia historia hii. Kiwango kimoja, karatasi moja, hakuna makadirio: ndicho walichokitaka Wapare.

Daftari lililopo

Si kweli kwamba mfanyabiashara mdogo hana daftari. Analo, mara nyingi la kurasa 96 lenye jedwali la kuzidisha nyuma, nalo limeandikwa madeni. Jina, au lakabu, au namba ya pikipiki, kiasi, mstari uliokatwa siku deni lilipolipwa. Linaandika kile ambacho mwenye duka anaogopa kukisahau. Mauzo ya fedha taslimu hayamo, kwa kuwa fedha taslimu haisahauliki; imo kibindoni. Sheria inataka kinyume chake: mauzo ya kila siku, manunuzi na risiti zake, na vyote vitunzwe kwa miaka 5. Bidhaa za mali kauli hazina risiti ya manunuzi, kwa hiyo hata anayetaka kuandika hukosa nusu ya hesabu. Huko Tunduma kuna ugumu wa ziada wa kwacha. Zambia ilipoondoa sufuri tatu katika sarafu yake tarehe 1 Januari 2013, madaftari ya madeni yalilazimika kuwa na safu ya kwacha ya zamani na ya mpya, na waliyapanga wenyewe, bila semina. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka 2019 kimepunguza siku za malori, lakini mama mwenye mizigo miwili ya kichwani bado hubadilisha fedha mtaani na kuandika kiasi kwa kumbukumbu yake.

Mafunzo ya kodi yangeanzia kwenye daftari hilo la madeni, kwa kuongeza safu moja ya mauzo ya siku, yangekuwa yanajenga juu ya ujuzi uliopo. Mengi huanzia kwenye fomu. Na fomu, kwa muda mrefu, zilikuwa za Kiingereza, kama ilivyokuwa Sheria ya Kodi ya Mapato yenyewe ilipotungwa. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, karibu karne moja baada ya sheria ya 1923 kukikubali katika leja. Kazi ya kutafsiri imekwenda polepole, na katika nakala zinazosambazwa mitaani neno moja la Kiingereza hutafsiriwa mahali pamoja mauzo ghafi, pengine mapato ghafi, pengine mzunguko wa biashara. Kwa mhasibu hilo ni suala la istilahi. Kwa muuza mahindi aliyekaa mbele ya ofisa, akiulizwa mapato yake ni kiasi gani, naye akielewa kwamba ameulizwa faida, au akielewa faida pale alipoulizwa mauzo, tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo inayoamua anaangukia daraja gani.